Neno Lenye Mkia

Jumapili, 5 Oktoba

Wamemleta Akko leo mchana kutoka Kinna, kwa gari la kukodi, kalazwa kiti cha nyuma na mito mitatu. Kiharusi kilimpata wiki tatu zilizopita akimimina maziwa. Upande wa kulia umelegea, na Kiswahili chake chote kimepotea. Kimebaki Kiborana, nacho ni kwa neno moja moja tu. Daktari alimwambia Huqa kwamba hutokea hivyo.

Huqa ni mume wangu, na Akko ni mama yake mzazi. Jina lake ni Qabale, lakini mtaa mzima humwita Akko, yaani nyanya. Mimi ni Kathure, Mmeru wa Maua, mwalimu wa Kiswahili. Siku ya harusi yetu, miaka kumi na miwili iliyopita, Akko alinishika mkono mbele ya wanawake wote akaniambia kwa Kiswahili, asije mtu akasema sikuelewa: "Wewe si mimi nilikuchagua." Nilimsahihisha sarufi moyoni ili nisilie. *Si mimi niliyekuchagua.* Tangu hapo tumesalimiana vizuri, yeye kwa salaam aleikum na mimi kwa habari, na hatukuwahi kupita hapo.

Huqa anasema atakaa nasi mpaka mvua ya vuli iishe. Halafu ukoo utakutana kuamua: abaki hapa mjini moja kwa moja, karibu na hospitali, au arudi Kinna kwa binti yake Sadia. Kimoyomoyo naomba mvua iwe fupi. Isiolo hii, mtu kuomba mvua fupi ni dhambi, najua. Mungu anisamehe.

Jumatano, 8 Oktoba

Jua. Akko kakataa uji wangu, kanywa wa Huqa. Ni uji uleule, sufuria ileile.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo kazungumza nami! Nilikuwa napita na ndoo, akainua mkono wa kushoto, akasema, "Naa fili."

Nikamletea maji. Akatikisa kichwa. Nikamletea blanketi kwenye jua la saa sita, mimi nami! Akanitazama vile anavyotazamwa mtu asiye na akili. "Naa fili. Naa fili!"

Nikatoka mbio hadi kwa Ganya, jirani yetu anayeuza maziwa ya ngamia. Ganya akacheka mpaka akaweka chini kipimo chake.

"Mwalimu, miaka yote hiyo umekaa na Borana na hujui *fila*? Anataka umchane nywele. *Naa fili*, nichanie. Chukua chanuo, maskini."

Kweli, kwenye mzigo wake kulikuwa na chanuo la mti, jeusi, lina meno mapana na moja limevunjika. Nikamfungua mtandio. Nywele zake ni nyingi kuliko zangu, nyeupe, zimeshikana za wiki tatu. Nilichana karibu saa nzima. Hakusema asante, lakini alisinzia.

Jumanne, 14 Oktoba

Kipindi cha nne, nikifundisha vitenzi, msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono: "Mwalimu, mbona *chagua* na *bagua* zinafanana? Ni ndugu?"

Nikasema tutaangalia kesho, ambalo ndilo jibu la walimu wote tangu shule zijengwe. Lakini swali limenikaa. Kuchagua na kubagua! Ukichagua mchele, unatoa mawe au unatoa mchele? Mkono ni mmoja, sinia ni moja.

Nikalipeleka ofisi ya walimu wakati wa chai. Batula, anayefundisha dini, akasema kwa Kisomali ukimwambia mtu achague unamwambia *dooro*, na *dooro* hiyohiyo ni kuku. "Kwa hivyo wakati wa kura sisi tunaenda kufuata kuku," akasema, na maandazi yakamwanguka. Halafu akatulia, akanieleza jambo zuri. *Hiari* yetu imetoka Kiarabu, na shina lake ni moja na la *heri*. Ndiyo maana mtu akiwa njia panda huswali istikhara, anamwomba Mungu amchagulie lenye heri. Sikuwa nimewahi kuziweka hiari na heri kwenye mstari mmoja, na nimefundisha miaka kumi na tisa.

Kagure wa hesabu naye hakutaka kubaki nyuma. Kwao Kikuyu, kuchagua ni *guthuura*, na ukiivuta sauti vibaya kidogo umesema kuchukia. "Kwa hivyo ukimwambia mtu umemchagua, tamka polepole," akasema.

Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili kwa ajili ya neno hili tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

"Naa fili." Nimechana.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Mawingu yamekuja upande wa Kipsing, yakasimama, yakarudi. Naa fili. Nimechana.

Ijumaa, 24 Oktoba

Shule zimefungwa. Nilimpigia mama simu Maua nimwulize kuhusu neno letu la kuchagua kwa Kimeru, hasa wazee walilitumiaje. Akauliza kwa sauti ya chini: "Kathure, unachagua nini tena? Si ulishachagua? Huqa amekupiga?" Nikamwambia ni utafiti tu. Akasema utafiti wa mke wa mtu ni wa nini. Ukurasa wa Kimeru umebaki mtupu.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua! Saa tisa alasiri, ya kwanza, harufu ya vumbi ikaingia mpaka kwenye sukari. Akko alitaka kutolewa nje. Nilimshika kwapa tukasimama barazani. Akatoa mkono ule mzima akauacha ulowane, kisha akanipaka maji usoni. Sijui kama alitania au alinibariki. Nimecheka, naye akacheka upande mmoja wa mdomo.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimegundua kitu na siwezi kukaa kitako.

Ganya alikuwa jikoni kwangu akipima maziwa, nikamwuliza kwa kupitisha wakati tu, "Na kuchagua kwa Kiborana ni nini?"

"Fila," akasema.

"Hapana. Fila si kuchana?"

"Ndio hiyo hiyo. Kuchana nywele, fila. Kuchagua mtu, fila. Uchaguzi ile ya kura pia inatoka hapo." Akaniangalia. "Kwani shida iko wapi? Ukichana nywele unafanya nini? Unatenganisha moja moja. Ukichagua, vile vile."

Nilikaa chini. Kiswahili chetu kina sinia la mchele, linalotupwa linatupwa. Wao wana chanuo, na chanuo halitupi nywele, linazilaza tu kila moja mahali pake. Na sisi neno letu la chanuo, *chana*, ni lilelile la kurarua karatasi! Niliandika kurasa mbili kule nyuma, sitazinakili hapa.

Halafu Ganya akaongeza jambo ambalo kwa mwalimu wa sarufi ni karamu. *Fili* ni chana, au chagua. *Naa fili* ni nichanie, au nichagulie. Lakini mtu akijifanyia mwenyewe, neno linaota mkia: *filadhu*, jichagulie, chukua unachotaka wewe. "Ile *adh* ndogo ya nyuma," Ganya akasema, "hiyo ndio yako mwenyewe."

Basi wao ni kinyume chetu. Sisi huongeza mkia tunapomfanyia mwingine, *chagua* ikawa *chagulia*. Wao huongeza mkia mtu anapojifanyia mwenyewe. Maziwa yalichemka yakamwagika na Huqa akaniuliza kama niko sawa.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Nimechana.

Jumapili, 9 Novemba

Sasa haniombi tena. Nikishika chanuo anageuza shingo mwenyewe. Leo nimemsuka mistari miwili kama wanawake wa kwetu na akajipapasa akaguna, nikadhani amechukia. Ganya alipoingia, Akko akavuta mtandio nyuma makusudi amwonyeshe.

Uji anakunywa wangu. Wa Huqa anausukuma.

Nimehesabu miaka kumi na miwili bila mtoto ndani ya nyumba hii. Mashangazi walisema, majirani walisema, hata kanisani kwetu walisema. Akko hakulisema hata siku moja. Nashangaa sikuwahi kuliona hilo, kwa vile nilikuwa nimeshikilia lile neno la harusi kama risiti.

Sadia amepiga simu. Anasema nyumba ya mama ameiezeka upya, ng'ombe wake wanne wako salama, mmoja amezaa. Niliweka simu sikioni kwa Akko. Alisikiliza, machozi yakamtoka jicho la kushoto. Nilimpangusa nikajiambia ni furaha ya kusikia sauti ya bintiye.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua ya siku ya tatu. Barabara ya Kinna imekatika. Nilifurahi, halafu nikashtuka kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 22 Novemba

Ukoo umekutana leo, saa nne asubuhi, sebuleni kwetu. Barabara ilifunguka juzi. Alikuja mzee Galma, mdogo wa marehemu baba mkwe, mwenye shamba la kumwagilia maji kule Rapsu. Akaja Sadia, na wazee wengine wawili wa ukoo. Ganya alinisaidia chai.

Asubuhi yote nilikuwa jikoni na vitumbua, hivyo sikumchana Akko. Niliandike hili kwanza, kwa sababu yote yametokana nalo. Nilimvisha mtandio haraka nikasema nitamchana baadaye.

Huqa alisema hospitali iko hapa, mazoezi ya mkono yako hapa. Sadia alisema mama ni mtu wa Kinna, watu wake, ng'ombe wake, kaburi la baba. "Hapa anaangalia ukuta tu," akasema. Niliumia, maana mbele ya huo ukuta nimekaa naye mimi.

Mzee Galma ni mtu wa haki. Alinyoosha mkono, wote wakanyamaza. "Tunaongea juu ya mtu kama yeye hayuko. Tumwulize." Akamgeukia Akko, akamwuliza kwa Kiborana, polepole, kwa heshima ya mtu anayezungumza na mke wa kaka yake. Ganya alininong'oneza: anauliza, Mama Huqa, wewe unataka kukaa wapi?

Akko alikuwa amekaa wima, mkono wa kushoto ukishika mtandio. Mtandio ulikuwa unateleza. Nywele za kisogoni zilikuwa nje, zimetimka, mbele ya mashemeji. Alikuwa ananitafuta kwa macho. Akaniona mlangoni na sinia la vikombe, akasema kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia:

"Naa fili."

Mzee Galma akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Mmesikia wote? Amesema tumchagulie. Hiyo maneno imeisha. Mimi nasema abaki hapa na mtoto wake, karibu na daktari. Ile nyumba ya Kinna apewe mtu mwenye shida, na ng'ombe Sadia aangalie."

Sadia akalia bila sauti. Huqa alinitazama akatabasamu, maana anajua jinsi ninavyompenda mama yake siku hizi. Na mimi? Mimi nilipanga vikombe. Nilijua. Katika chumba kile nilikuwa mtu pekee aliyejua, kwa sababu macho yake hayakuwa kwa Galma, yalikuwa kwangu, na mkono ulikuwa kichwani. Alikuwa anaomba nimsitiri. Nilijua, na nikamimina chai.

Jioni nilimchana. Aligeuza shingo mwenyewe.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimejaribu kujishawishi. Huenda alimaanisha tumchagulie kweli. Neno ni moja, nani ajuaye? Mimi si Mborana. Huqa ni Mborana, Galma ni Mborana, wamesikia wao na masikio yao. Na hospitali *iko* hapa. Na mimi ndiye ninayemwosha.

Halafu nikamkumbuka yule msichana wa kipindi cha nne. Chagua na bagua, ni ndugu? Jibu nimelipata, binti, njoo nikupe.

Jumatano, 26 Novemba

Nimemwambia Huqa. Alikuwa anavua viatu vyake vya matope ya sokoni.

"Alikuwa anataka kuchanwa," nikasema. "Ile *naa fili* ni ile ya kila siku. Hakumjibu mzee Galma."

"Kathure, hiyo ni lugha yangu."

"Ni lugha yako, lakini chanuo ni langu. Wewe umemchana mama mara ngapi?"

Akakaa na kiatu kimoja mkononi. Akasema wazee wameshaamua, mambo ya wazee hayarudishwi kama shati la duka. Akasema pia, na hili ndilo lililonichoma, "Au umechoka naye? Sema tu kama umechoka."

Nikalia. Nikamwambia, nataka abaki kuliko unavyotaka wewe. Nataka abaki mpaka nizeeke naye. Ndiyo maana nilinyamaza siku nne, na siku nne zimenitosha. Hiari yashinda utumwa, Huqa, na mapenzi ya kumzuia mtu ni utumwa vilevile.

Akaweka kile kiatu chini. Kisha akachukua simu, akampigia mzee Galma.

Jumamosi, 29 Novemba

Wamerudi. Mzee Galma alikuja amenuna, na haki yake, Rapsu si karibu. Nilimsalimia nikamwambia mbele ya wote kwamba kosa ni langu, nilijua nikanyamaza. Akanigeukia. "Mtoto wa Meru," akasema, "sasa wewe unafundisha sisi Kiborana?"

"Hapana, mzee. Naomba tu nimchane kwanza, ndipo mwulize. Kama nywele zimekwisha na bado anasema *naa fili*, basi ni nichagulie, na sitafungua mdomo tena."

Mmoja wa wazee akacheka. Galma hakucheka, lakini akasema, "Haya. Hiyo ni akili."

Nilimpeleka chumbani. Sijawahi kuchana polepole vile. Kila unywele ulipolala nilijua naikaribia siku ya kuachana, au sivyo, sikujua. Nilimsuka mistari yake miwili, nikamfunga mtandio ule wa kijani kwa pini mbili usiteleze hata tetemeko lije. Nikamrudisha sebuleni, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

Galma akauliza tena, vilevile. Hapa, au Kinna? Kisha akaongeza neno moja, lenye mkia, na safari hii sikuhitaji Ganya anitafsirie.

"Filadhu."

Akko akapapasa mtandio. Ulikuwa imara. Akapapasa msuko ndani yake. Kidole changu kimoja kilikuwa kimeshika upindo wa gauni lake na naapa alikuwa anakijua. Nilisali, Mungu wangu, aseme *naa fili*. Mara moja tu.

"Kinna," akasema Akko.

Lilitoka wazi kama lililooshwa. Sadia akapiga kigelegele, akajiziba mdomo. Galma akasema alhamdulillahi ya pili, ndefu zaidi ya ile ya kwanza. Niliumia. Naandika wazi, niliumia mpaka kifua, nikaenda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Jumanne, 2 Desemba

Nafunga mizigo. Huqa atakuwa anampeleka kliniki kila mwezi. Mvua imekwisha. Ilikuwa fupi, kama nilivyoomba Oktoba.

Jumamosi, 6 Desemba

Ameondoka saa tatu asubuhi.

Kabla ya gari kuja nilishika chanuo nimchane mara ya mwisho. Akalichukua kutoka mkononi mwangu. Nilidhani anataka kulifungasha. Akapigapiga godoro, nikakaa chini mbele yake, akanivua kilemba changu. Kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukinishikilia bega kama uwezavyo, akaanza kunichana. Mama yangu ndiye wa mwisho kunichana, nikiwa darasa la saba. Chanuo lilinasa, akanasua. Lile pengo la jino lililovunjika lilikuwa linaacha nywele chache kila likipita, naye akizirudia.

Huqa alikuja mlangoni kusema gari limefika, akaona, akarudi nyuma.

Alipomaliza aliniinua kidevu. Nilijua atakachosema, na nilikuwa nimeshakitafsiri kichwani, maana mwalimu ndani yangu hafi. *Si file*: nimekuchana, *si* yao ikiwa *ku* yetu. Sarufi rahisi, ya kidato cha kwanza.

Akko akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya harusi, mkono wangu ndani ya mkono wake, akasema polepole, asije mtu akasema sikuelewa:

"Si filadhe."

Lilikuwa na mkia.